Televisheni haikuua sinema: dhana za vijiweni kuhusu majumba ya picha

Pale Uhindini, Dodoma, ukikaa kijiweni na wazee, habari za sinema za zamani haziishi, na upotoshaji nao hauishi. Nimechagua dhana zinazonikera zaidi.

"Televisheni ndiyo iliyoua sinema."

Tarehe zinakataa. Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na wakati huo majumba mengi yalikuwa hoi tayari. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na sinema ziliendelea kupata watu.

Tatizo lilikuwa njaa ya picha. Kampuni ya umma, Tanzania Film Company, iliundwa mwaka 1968 na ikaja kushika uagizaji na usambazaji. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni zikaadimika, basi picha mpya zikawa za kuhesabu na nakala zilezile zikazungushwa mpaka zikachakaa.

Picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuja kwa magurudumu, kila moja likicheza kama dakika 20. Mkanda ukikatika, miluzi inaanza, na opereta kule juu anakata sehemu iliyoharibika, anaunga, anaendelea. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, na mashine inapitisha fremu 24 kwa sekunde. Akitupa futi moja tu, theluthi mbili za sekunde zimekwenda na hazirudi. Nakala iliyoungwa mara nyingi hufika mahali steringi anaanza kurusha ngumi na adui ameshalala chini, ngumi yenyewe hujaiona. Nani alipie tiketi mara ya pili?

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Katika miaka hiyo deki za video zikaenea, na kaseti haikuhitaji kumsubiri msambazaji.

"Serikali ilitaifisha sinema, basi."

Hii ni nusu ya habari. Sheria ya mwaka 1971 ilichukua majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyatumia yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliokuwa na majumba hayo, wengi wao Watanzania wenye asili ya Kiasia, mara nyingi waliendelea na biashara, ila sasa kama wapangaji. Na mpangaji, tusidanganyane, hakarabati paa la mwenye nyumba kwa moyo mmoja.

"Picha za Kihindi zilikuwa za Wahindi."

Wapi! Waliojaza viti vya bei nafuu wengi hawakujua Kihindi hata neno. Walishika nyimbo, na aliyekwisha kuiona picha alimsimulia jirani yake humo humo ukumbini.

"Majumba yalipofungwa, watu waliacha kutazama."

Walihamia mtaani. Vibanda umiza vilikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki na kiingilio kidogo. Huko ndiko walikopata umaarufu wasimulizi kama Lufufu, waliotafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili papo hapo, wakiongeza utani ambao mtunzi wa picha hakuwahi kuuwaza. Wapo walioifuata sauti yake kuliko picha yenyewe.