Facebook uliyoisahau bado inasomwa Nairobi

Anayetafuta kazi Uganda kwa kawaida huanza kwa kung'arisha LinkedIn. Mimi ningeanza na Facebook, hasa kwa wale ambao hawajaifungua kwa miaka. Ilipozuiwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, wengi walihamia X na TikTok wakaacha akaunti zao wazi. Kilichofungwa ni njia ya kuifikia kutoka hapa nchini. Ukurasa wenyewe haukufutwa. Mashirika mengi yanayoajiri Kampala, Gulu au Arua yana ofisi za kanda Nairobi, na huko hahitaji mtu VPN, ile programu ya kupita kizuizi cha mtandao, kukusoma ulivyokuwa mwaka 2013.

Jitafute kwanza. Fungua dirisha la faragha la kivinjari ili Google isikupendelee, kisha andika jina lako ndani ya alama za nukuu. Fanya hivyo mara mbili, jina la ukoo likitangulia, halafu likifuata, kwa sababu vyeti vingi vya shule huliweka mbele na CV hulirudisha nyuma. Pitia na sehemu ya picha.

Ukiingia Facebook kwa VPN, chagua nchi moja ubaki nayo. Leo Uholanzi, kesho Singapore, na mfumo unahisi akaunti imeibwa, unatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya zamani. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huenda kampuni ya simu imeshampa mtu mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ndani ni kubadilisha namba ya simu na barua pepe, kabla hujagusa picha yoyote.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya faragha, tafuta chaguo la kubana machapisho ya zamani. Kwa mara moja, yote yaliyokuwa wazi kwa umma yanabaki kwa marafiki tu. Fahamu kwamba hakuna kitufe cha kurudisha: ukijuta, utafungua chapisho moja moja. Na kuna vitatu ambavyo hatua hiyo haivigusi: picha kubwa ya juu ya ukurasa, ambayo kila mtu huiona, picha za wengine walizokutagi, ambazo lazima ujitoe mwenyewe, na maoni uliyoandika kwenye kurasa za umma. Hayo maoni ndiyo mabaya zaidi, maana watu hutukana kwa uhuru wakidhani wako barazani kwao. Yatafute kwenye kumbukumbu ya shughuli zako, uyafute. Kilichofutwa kikibaki kwenye matokeo ya Google, iko fomu ya Google ya kuomba kuondoa maudhui yaliyopitwa na wakati.

Picha za kampeni, iwe fulana ya njano ya chama tawala au kofia nyekundu ya upinzani, si kosa. Ila mradi unaofanya kazi na wilaya unataka mtu wa kuketi na kila upande, na anayechuja maombi hatakupigia simu akuulize ulimaanisha nini. Zifiche.

X ni rahisi zaidi. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika from:jinalako until:2021-01-01, ukiweka jina la akaunti yako mahali pa jinalako, utaona ulichoandika kabla ya mwaka huo.

LinkedIn, hakikisha miezi ya ajira inalingana na CV. Kama bado una kazi, zima taarifa za mabadiliko ya wasifu kabla ya kuhariri, na alama ya kutafuta kazi waachie waajiri pekee. Hata hivyo LinkedIn yenyewe haiahidi kwamba bosi wako hataiona.

WhatsApp husahaulika, ingawa usaili mwingi hupangwa humo. Picha ya wasifu ukiwaruhusu watu ulionao kwenye simu tu, mgeni haoni kitu. Tatizo huja ukihifadhi namba ya afisa wa ajira, naye akiwa na yako: stetasi zako zinamfikia. Siku hiyohiyo mweke kwenye orodha ya wasioziona.