Mgombea "kajitoa": maana yake kisheria

Kampeni zikipamba moto, pale Mwanga mjini Kigoma au Nzega kule Tabora, mgombea udiwani hushika kipaza sauti akatangaza kwamba anamwachia mwenzake. Makofi yanapigwa, na kabla ya magharibi habari imeenea mtaani: fulani kajitoa. Kisheria hajajitoa. Jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura, na kura atakazopigiwa zitahesabiwa kama za wengine.

Kujitoa, kwa mujibu wa sheria ya uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, ni mgombea kuondoa ugombea wake kwa taarifa ya maandishi, aliyoisaini mwenyewe na kuifikisha kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa kumi jioni ya siku ya uteuzi. Saa hiyo ndiyo pia mwisho wa kurudisha fomu. Mwaka 2025 siku ya uteuzi ilikuwa Agosti 27, na kura zikapigwa Oktoba 29. Kwa hiyo miezi miwili yote ya kampeni hakuna mlango wa kutokea.

Sababu zipo. Baada ya uteuzi, karatasi za kura huchapwa zikiwa na majina, picha na vyama, kisha husambazwa vituoni. Tena, kama kujitoa kungeruhusiwa hadi wiki ya mwisho, mgombea angeweza kushawishiwa kwa fedha au kutishwa akaondoka wakati chama chake hakina tena nafasi ya kuweka mwingine. Kwetu sisi hilo la pili ndilo zito zaidi.

Barua yenyewe ni fupi: jina kama lilivyo kwenye fomu ya uteuzi, nafasi, jimbo au kata, chama, tamko la wazi kwamba unajitoa, tarehe na saini. Ya ubunge inakwenda kwa msimamizi wa jimbo, ya udiwani kwa msimamizi msaidizi ngazi ya kata, ya urais kwenye Tume ya Uchaguzi. Beba nakala igongwe muhuri na kuandikwa saa iliyopokelewa, maana mgogoro ukizuka, ubishi utakuwa juu ya saa hiyo.

Mengi huharibika hapa. Barua inasainiwa na katibu wa chama badala ya mgombea, au inaachwa ofisi ya chama ikidhaniwa imefika. Umbali nao: mgombea ubunge wa Kigoma Kusini aliyeko Kalya, mwambao wa Tanganyika, akiamua saa sita mchana siku ya uteuzi, hawezi kuiwahi ofisi ya msimamizi Uvinza.

Mwaka 2020 viongozi wa ACT-Wazalendo, akiwamo Zitto Kabwe wa Kigoma, walimuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA ilhali chama chao kilikuwa na mgombea urais, Bernard Membe. Jina la Membe lilibaki kwenye karatasi, akapata kura zake. Kuungana mkono ni siasa halali, ila hakufuti jina. Na mgombea wa namna hiyo akishinda, ameshinda. Asipotaka kiti itabidi ajiuzulu.

Kujiuzulu ni jambo lingine kabisa. Rostam Aziz alijiuzulu ubunge wa Igunga mwaka 2011, ukafanyika uchaguzi mdogo Oktoba mwaka huohuo. Aliyejiuzulu ameshachaguliwa, anayejitoa bado hajapigiwa kura. Kuenguliwa nako si kujitoa: hapo uamuzi si wa mgombea.

Kifo kina kanuni yake. Mwaka 2005 mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura ya Oktoba 30, na uchaguzi wa Rais ukasogezwa hadi Desemba 14. Barua ya kujitoa, hata ikipelekwa siku hizohizo za mwisho, haisogezi uchaguzi hata kwa saa moja.