Uzee Hauji kwa Usiku Mmoja: Maswali na Majibu Kuhusu Mzee Anayechanganyikiwa Ghafla

Karibu kila wiki, ndugu wanaoleta wazee hospitalini huniambia sentensi ile ile: "Tulidhani ni uzee tu." Huisema wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha mtu ambaye siku chache zilizopita alikuwa akijivalisha mwenyewe, akihesabu fedha zake na kuwataja wajukuu wote kwa majina, na ambaye sasa hamtambui hata mwanawe aliyemshika mkono. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara. Sikuyajibu kwa urefu unaolingana, kwa sababu kutojua mengine hakumdhuru mtu, ilhali kutojua mengine kunaua.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni nini hasa?

Ni hali ya ubongo kushindwa kufanya kazi yake ipasavyo, mara nyingi kwa sababu ya tatizo lililo kwingine mwilini. Huanza ndani ya saa chache au siku chache. Mgonjwa hawezi kufuatilia mazungumzo, hugeuza usiku kuwa mchana, huweweseka, na pengine huona maruweruwe. Hali hiyo hupanda na kushuka, hivyo asubuhi anaweza kuzungumza vizuri na jioni asijue alipo. Wataalamu huiita deliriamu.

Je, si jambo la kawaida kwa mtu aliyekula chumvi nyingi kuchanganyikiwa?

Hapana. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Umri hupunguza mwendo wa kukumbuka majina, hupunguza nguvu za miguu na uwezo wa kusikia, lakini hufanya hivyo kwa miaka, taratibu, kiasi kwamba anayeishi na mzee huyo haoni tofauti kati ya mwezi huu na uliopita. Mabadiliko ambayo unaweza kutaja siku yalipoanza, kwa mfano kusema kwamba Jumanne alikuwa mzima na Alhamisi akaanza kupayuka, ni ugonjwa hadi daktari athibitishe vinginevyo, awe mgonjwa ana miaka 65 au 95.

Tutatofautishaje hali hii na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani demensia?

Jiulizeni swali moja: je, leo yuko tofauti na alivyokuwa wiki iliyopita? Demensia hujengeka kwa miezi na miaka, na mgonjwa wake kwa kawaida huwa macho na humsikiliza anayezungumza naye, hata kama atasahau alichoambiwa. Mwenye deliriamu hawezi kutuliza mawazo. Mwombeni ataje siku za wiki akirudi nyuma, kuanzia Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Mtu ambaye siku zote angeweza kufanya hivyo, na sasa anakwama siku ya pili na kuanza kuzungumzia jambo jingine, anahitaji kupimwa leo.

Baba yetu ana demensia tangu zamani. Akizidi kuchanganyikiwa, si ni ugonjwa wake unaendelea?

Naomba jibu hili lisomwe mara mbili, kwa kuwa wagonjwa wa aina hii ndio tunaowapokea wakiwa wamechelewa kuliko wote. Demensia haimkingi mtu na nimonia. Kinyume chake, ubongo uliokwisha kudhoofika huchanganyikiwa kwa urahisi zaidi mwili unapopata hitilafu ndogo. Ikiwa baba yenu alikuwa akisahau alichokula lakini akila mwenyewe, na tangu juzi hawezi kushika kijiko, hilo si hatua mpya ya demensia. Ni ugonjwa mwingine umempanda juu ya ule wa zamani, na huo mwingine mara nyingi unatibika.

Mama hasumbui mtu. Tangu juzi analala tu na haongei. Tuna haja ya kumpeleka hospitali?

Ndiyo, na mmekwisha kuchelewa siku mbili. Watu wengi hudhani kuchanganyikiwa lazima kuambatane na kelele, kutangatanga na kukataa kuguswa. Ipo aina nyingine ambamo mgonjwa hunyamaza, husinzia, hajibu mpaka aitwe mara tatu, na chakula hubaki mdomoni bila kutafunwa. Nyumba inapata utulivu, ndugu wanasema mama amepumzika, na kila mmoja anatembea kwa kunyata asimwamshe. Aina hii ya kimya ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwa sababu inapuuzwa, ndiyo inayotufikia ikiwa na vidonda vya mgongo, midomo iliyopasuka kwa kukosa maji, na mapafu yaliyoingiwa na uji aliolazimishwa kumeza akiwa nusu usingizini. Mzee aliyekuwa mchangamfu akinyamaza ghafla, msishukuru kwa utulivu wake. Mwamsheni. Asipoamka na kuzungumza kama alivyozoea, mpelekeni.

Ni nini husababisha?

Zipo sababu nyingi, nami nitataja zile tunazozikuta kila siku. Maambukizi ya mapafu na ya njia ya mkojo yako mbele. Upungufu wa maji mwilini unafuata kwa karibu, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, na mzee anaweza kukauka bila kuomba hata tone. Sukari kushuka kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari ni sababu inayoua haraka. Chumvi ya sodiamu mwilini inaweza kushuka kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo. Mshtuko wa moyo kwa mzee, hasa mwenye kisukari, unaweza kuja bila maumivu yoyote ya kifua. Choo kilichofunga kwa siku nyingi nacho kinatosha kumvuruga mtu. Pia ulizeni kama aliwahi kuanguka hata wiki tatu zilizopita, kwa sababu damu inaweza kujikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo baada ya pigo ambalo kila mtu amekwisha kulisahau.

Kisha kuna dawa, na hapa nitakaa kidogo. Alipata kuletwa kwetu mzee mmoja siku ya tano tangu aanze kupayuka usiku na kuvua nguo mbele ya wakwe zake. Familia ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba akili zimerudi utotoni, na waliomleta walitaka ushauri wa namna ya kumfungia chumbani. Muuguzi alipomfunika shuka vizuri aliona tumbo la chini limejaa na kuwa gumu hadi karibu na kitovu. Tulipoweka mpira wa mkojo ulitoka mkojo zaidi ya lita moja. Mzee alikuwa na tezi dume iliyovimba tangu zamani, na wiki hiyo alinunuliwa vidonge vya mafua, vile vinavyokausha kamasi na kuleta usingizi, ambavyo pia huzuia kibofu kujikamua na huvuruga ubongo wa mzee moja kwa moja. Kesho yake asubuhi aliomba miwani yake na kuuliza ni nani aliyemvua viatu. Aliteseka kwa siku tano, akadhalilika mbele ya watu anaowaheshimu, kwa sababu ya kidonge cha mafua.

Kwa hiyo dawa yoyote mpya iliyoanza ndani ya wiki mbili zilizopita ishukiwe kwanza: za mafua na mzio zinazoleta usingizi, za usingizi zenyewe, za maumivu makali, za kuzuia mkojo kutoka mara kwa mara. Mzee asipewe kidonge cha jirani. Asipewe kilichobaki kwenye kabati tangu mwaka juzi. Wala dawa aliyozoea kwa muda mrefu, hasa ya usingizi, isikatwe ghafla bila daktari, kwa sababu kukatwa kwake nako kunaweza kuleta hali hii hii.

Hana homa. Itakuwaje awe na maambukizi?

Mwili wa mzee hauwashi moto kama wa kijana. Anaweza kuwa na nimonia kali na kipimajoto kikasoma nyuzi 37 kamili, na anaweza kuwa nayo bila kukohoa. Badala ya kutegemea kiganja juu ya paji la uso, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 25 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari hata kama ngozi yake ni ya baridi. Kukosa homa kusiwe sababu ya kusubiri.

Tumpe dawa ya usingizi ili atulie mpaka asubuhi?

Hapana. Hapana kabisa. Dawa ya usingizi huongeza kuchanganyikiwa, humfanya aanguke anapoamka kwenda chooni, na huficha dalili ambazo daktari angezitumia kujua tatizo liko wapi. Kumfunga mikono ni vivyo hivyo: mtu asiyejua alipo, akijikuta amefungwa, atapigana hadi ajiumize. Washeni taa, akae naye mtu anayemfahamu na kumpenda, aongee naye polepole, msibishane naye juu ya anayoyaona, kisha mtafutieni usafiri. Naelewa uchovu wa usiku wa tatu bila kulala, na simlaumu anayetamani mapumziko. Ninachokataa ni mapumziko hayo kununuliwa kwa uhai wa mgonjwa.

Afikishwe hospitalini haraka kiasi gani?

Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya mapumziko, hata kama jioni ameonekana nafuu. Nafuu ya jioni moja isiwadanganye, kwani kupanda na kushuka ndiyo tabia ya hali hii.

Zipo hali mbili ambazo hazisubiri hata saa moja. Ya kwanza ni mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, au maneno kutoeleweka. Hicho huenda ni kiharusi, na pale penye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo angalieni saa na mkumbuke ni lini alionekana mzima mara ya mwisho. Ya pili ni mwenye kisukari anayetoka jasho jingi na kutetemeka au kusinzia. Pimeni sukari kama mna mashine. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, au ikiwa mashine haipo, na mgonjwa bado anaweza kumeza vizuri, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, na safari ya hospitali iendelee. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbie naye hospitalini.

Twende na nini?

Dawa zake zote, zikiwemo za mafua, za macho na za mitishamba, zitiwe kwenye mfuko mmoja jinsi zilivyo. Miwani yake na kifaa chake cha kusikia viende naye, kwa kuwa asiyeona wala kusikia vizuri ataonekana amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyo. Kubwa kuliko yote, aje mtu anayeishi naye. Mara nyingi mgonjwa huletwa na mtoto mwenye gari, ambaye alimwona mara ya mwisho miezi minne iliyopita, na kila swali letu analijibu kwa kusema hajui. Binti anayempikia ndiye anayejua ni lini aliacha kula, ni lini alikojoa, na ni usiku gani alianza kuita watu wasiokuwepo. Msimwache nyumbani.

Akitibiwa atarudi alivyokuwa?

Wengi hurudi. Baadhi ndani ya siku mbili tatu, wengine baada ya wiki kadhaa, na wapo wanaochukua miezi, kwani ubongo hupona nyuma ya mwili: nimonia inaweza kuwa imekwisha na mzee bado anauliza nyumbani ni wapi. Msikate tamaa katika kipindi hicho, na msianze kugawana majukumu yake kana kwamba hatarudi. Wapo pia wasiorudi walivyokuwa, na miongoni mwao ni wengi walioachwa nyumbani muda mrefu kabla ya kuletwa.

Tukirudi naye nyumbani tufanye nini?

Apewe maji kidogo kidogo mchana kutwa bila kusubiri aombe, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Tabia ya kumnyima maji kuanzia alasiri ili asilowanishe kitanda ikome. Mpelekeni chooni kabla ya kulala na muweke taa ndogo njiani. Mchana akae nje ya kitanda na atembee hata kama ni hatua kumi akishikwa mkono. Saa ya ukutani iwe mahali anapoiona. Dawa zake zipitiwe upya na daktari, kimoja kimoja, kwa kuwa kila mzee tunayempokea akiwa na mfuko wa dawa za watu wanne tofauti huwa na angalau moja ambayo hakuna anayekumbuka kwa nini aliandikiwa.

Aliyepatwa na hali hii mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena. Siku akianza kuamka saa nane usiku na kumwita marehemu mkewe, ilhali jana yake alikuwa mzima, msikae kikao cha familia. Hesabuni pumzi, angalieni tumbo la chini, chukueni mfuko wa dawa, na mumrudishe.