Msiba haufanyiki

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia alfajiri ya Jumanne. Juu TANZIA kwa herufi kubwa, chini yake kifo cha mama mdogo, halafu: "Msiba utafanyika Jumamosi, Nansio, Ukerewe." Basi. Mama mdogo alifia hapa Mwanza. Wanawe wote wapo Buhongwa, hapahapa mjini, na kufikia saa tatu asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa uani kwao. Mjomba kule Geita aliposoma Jumamosi akaona siku bado zipo. Mama mkubwa, dada yake marehemu wa tumbo moja, akatoka Magu Jumatano, akapitia Bunda, akavuka na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi kisiwani Ukerewe, akafika Nansio jioni na kukuta nyumba imefungwa. Akalala kwa jirani.

Sentensi hiyo ya "msiba utafanyika" naisoma karibu kila wiki, na mwaka huu nimeisoma hadi kwenye kadi zilizochapishwa. Nimeona niandike.

Tanzia ni habari ya kifo, yaani lile tangazo lenyewe. Mazishi ni kuzika. Wengine husema maziko, na yote mawili ni sawa. Msiba ni pigo lililowapata wafiwa. Ndiyo maana yake, na hilo neno pigo silitumii kwa kupamba.

Msiba limetoka katika Kiarabu, musiba, na mzizi wake ni kitenzi asaba: kulenga ukapata, kama mshale unavyompata mnyama. Musiba ni kile kinachokufika na kukupiga. Waislamu wanaposikia mtu amefariki husema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Maneno hayo yamo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 156, na mwanzo wa aya hiyo unawataja wanaoyasema: wale ambao msiba ukiwapata. Hapo asaba na musiba yamekaa bega kwa bega, kitenzi na jina lake. Neno tunalolibandika kwenye ratiba lilikuwa linakaa na "kupata" tangu huko lilikotoka.

Lilipoingia kwetu, ile mu- ya mwanzo ikasikika kama kiambishi chetu wenyewe, likapangwa kwenye ngeli ya mti na miti: msiba, misiba. Msikiti nao ulipita njia hiyohiyo, kutoka masjid. Na kitenzi hakikuachwa nyuma, kwa sababu tunacho hadi leo: kusibu. Tunasema "hatujui yaliyomsibu" na hakuna anayekosea. Sasa jaribu kusema "yaliyotusibu yatafanyika Jumamosi saa nane". Ulimi wenyewe unakataa. Msiba na sibu ni ndugu wa damu. Kinachokataliwa na mmoja hakimfai mwenzake.

Wazee walilijua hilo bila kamusi. Msiba wa kujitakia hauna kilio, walisema, wakatenganisha pigo na maombolezo yake ndani ya sentensi moja.

Sisi wa Mwanza hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika hapa. Ule ndio msiba, na ulitokea majini. Mazishi ya wengi waliokufa yalifanyika Igoma, hapahapa Mwanza, na makaburi yapo hadi leo. Sijamsikia mtu wa mji huu akisema msiba wa MV Bukoba ulifanyika Igoma. Kwenye jambo kubwa namna ile lugha yetu inakaa sawa. Inateleza tunapoandika haraka, kwa simu, tukiwa na majonzi.

Kusema "naenda msibani" ni sahihi kabisa, maana unakwenda pale pigo lilipoangukia. Na hapo panaanza saa ileile roho inapotoka. Jumanne ile Buhongwa wanawake walishatandika mikeka sebuleni, wanaume wameota moto nje, na daftari la rambirambi linazunguka likisomwa kwa tochi ya simu. Aliyesubiri "msiba wa Jumamosi" alizikosa siku zile ambazo wafiwa wanahitaji watu kuliko siku yenyewe ya kaburi.

Mama mkubwa alirudi na meli Alhamisi. Aliingia uani mkoba ukiwa bado begani, akakaa kwenye mkeka pale mlangoni bila kuvua ndala. Alisema neno moja tu: "Msiba wa mdogo wangu, mimi nimeukuta siku ya tatu." Nimeukuta, alisema, katikati ya machozi, na kitenzi kilikuwa mahali pake.

Mdogo wangu uliyeandika ujumbe ule, ulikuwa umefiwa na mama, hakuna anayekulaumu. Ila ungeuandika hivi: "Msiba upo nyumbani kwa watoto wa marehemu, Buhongwa. Mwili utasafirishwa Ijumaa kwenda Ukerewe. Mazishi yatafanyika Jumamosi saa nane mchana, Nansio." Kile kitenzi chako kimebaki, ila kimehamia kwenye mazishi.