Ukavu wa hisia kwa vijana wakorofi: unavyopimwa, na alama zinavyopotosha

Vijana wawili wamefikishwa kwa mkuu wa shule kwa kosa lile lile la kumpiga mwenzao. Wa kwanza alichokozwa, damu ikamchemka, akapiga. Sasa anatetemeka na hajui aiweke wapi sura yake. Wa pili alimvizia mwenzake ili amnyang'anye simu, na akiulizwa anasimulia tukio zima bila uso kubadilika. Huenda wakapewa adhabu moja, lakini kinachowasukuma si kimoja.

Huyo wa pili ndiye anayewafanya wanasaikolojia waulize kuhusu ukavu wa hisia. Ndani ya dhana hiyo kuna mambo manne: kutojutia kosa, kutoguswa na maumivu ya mwingine, kutojali anavyofanya masomoni au kazini, na kuwa na hisia za juujuu, au zinazoonyeshwa tu pale zinapomletea faida. Tangu 2013, mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5, unaruhusu mambo haya yaandikwe kama nyongeza kwa kijana ambaye tayari ametambuliwa kuwa na tatizo la mwenendo, yaani tabia ya kudumu ya kukiuka haki za wengine au kanuni kuu za jamii. Sharti ni yaonekane angalau 2 kati ya 4, kwa muda usiopungua miezi 12, katika mahusiano na mazingira zaidi ya moja. Kijana anayekuwa mkavu mbele ya mwalimu mmoja tu asiyepatana naye hatimizi sharti hilo.

Kipimo kinachotumika sana ni hojaji iitwayo kwa kifupi ICU (Inventory of Callous-Unemotional Traits), iliyotungwa na mwanasaikolojia Paul Frick mwaka 2004. Kabla yake, yeye na mwanasaikolojia mwenzake Robert Hare walikuwa na hojaji ya kauli 20, ambamo kauli 6 tu ndizo zilihusu ukavu wa hisia. Sita ni chache mno kwa jambo zito hivi. Kati ya hizo, Frick alichukua kauli 4 zilizoshikamana vizuri, kila moja akaizalishia kauli 6: tatu zinazoelekea kwenye ukavu na tatu zinazoelekea kinyume chake. Ndiyo maana jumla ni 24. Kila kauli hujibiwa kuanzia 0, si kweli kabisa, hadi 3, kweli kabisa. Alama ya juu ni 72. Kuna nakala ya kijana mwenyewe, ya mzazi na ya mwalimu.

Kosa linaloharibu matokeo mengi hutokea kwenye kujumlisha. Zile kauli 12 za upande wa wema, mfano wa kauli inayosema kijana anajali hisia za wenzake, lazima zigeuzwe kwanza: toa jibu kutoka 3, hivyo 3 inakuwa 0 na 1 inakuwa 2. Asiyegeuza atampa kijana mwenye huruma alama za mkatili. Na hata ukigeuza sawasawa, chunga namba 36. Kijana aliyechoka akazungushia jibu moja kuanzia juu hadi chini, liwe 0, 1, 2 au 3, daima atapata 36 kamili. Katika makundi mengi ya vijana wa kawaida wastani uko chini ya hapo, kwa hiyo mvivu wa kusoma maswali ataonekana ana moyo wa jiwe. Ukikuta 36, rudi kwenye karatasi yenyewe uangalie majibu kabla ya kuandika lolote.

Suala la nani ajibu lina uzito vilevile. Kijana aliye mahabusu akidhani majibu yatapelekwa mahakamani atajipamba. Mwingine atajifanya sugu ili aogopwe na wenzake waliokaa karibu. Mpe faragha, mweleze karatasi itaonwa na nani, na kama kusoma kunamsumbua msomee bila kubadili sauti. Kisha tafuta mzazi na mwalimu. Wakitofautiana, usikimbilie wastani. Uliza kila mmoja anamwona kijana wapi na kwa saa ngapi kwa siku.

Sehemu dhaifu ya ICU ni kauli 5 za kutoonyesha hisia. Zinahusiana hafifu na uvunjaji wa sheria kuliko zile za ukatili na za kutojali, na sababu inaeleweka: kuficha hisia si kukosa hisia. Mvulana aliyefundwa jandoni kwamba mwanamume halii, au mtoto anayeinamisha uso mbele ya wakubwa kwa adabu, atapata alama hapo bila kuwa na ukavu wowote. Jumla peke yake haitoshi. Angalia alama zimetoka kwenye kauli zipi.

Wapo pia vijana waliokauka baada ya kupigwa, kutelekezwa au kuishi katika vita. Alama zao zaweza kulingana na za wengine, lakini mara nyingi wasiwasi wao uko juu sana. Kwa sababu hiyo kipimo cha wasiwasi na historia ya mateso viende pamoja na ICU kila mara. Hakuna alama moja ya mpaka iliyokubaliwa na wote, wala hojaji haitoi utambuzi. Mahojiano na taarifa za watu kadhaa ndiyo msingi wake.

Faida halisi ya kupima iko kwenye matibabu. Utafiti wa David Hawes na Mark Dadds wa Australia, uliotoka 2005, ulifuatilia wavulana wadogo wenye matatizo ya mwenendo ambao wazazi wao walikuwa wakifundishwa malezi. Wenye ukavu wa hisia waliitikia kidogo adhabu ya kutengwa kwa muda, lakini sehemu ya kusifu na kutuza tabia njema iliwafaa kama ilivyowafaa wenzao. Mzazi wa mtoto wa namna hii aanze na tuzo inayotolewa papo hapo, na ukaribu wa kila siku, kabla ya kuongeza adhabu.