Doa jeusi chini ya unyayo: maswali kutoka Bukavu

Mama yangu anauza sombe soko la Kadutu. Ana doa jeusi kisiginoni tangu mwaka jana. Sasa limepasuka, linatoa maji. Jirani anasema alikanyaga msumari.

Huenda ni msumari kweli. Lakini kidonda cha unyayo kinachokaa mwezi mzima bila kufunga, daktari akione. Iko kansere ya ngozi iitwayo melanoma, inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Kwetu ni adimu, na ikitokea hupenda mahali pasipoangaliwa: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Nyingine hata si nyeusi. Inafanana na chunjua, ya rangi ya waridi.

Si ugonjwa wa wazungu, wa jua?

Ile ya jua, ndiyo, zaidi ni yao. Hii haitegemei jua. Nani huanika nyayo? Bob Marley alikutwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki mwaka 1981, ana miaka 36.

Mimi mwenyewe nina mistari myeusi kwenye kucha.

Ikiwa kwenye kucha kadhaa, kwa sisi weusi ni kawaida. Mstari mmoja unaopanuka, au unaomwaga rangi hadi kwenye ngozi ya pembeni, huo ndio wa kuonyesha. Damu iliyovilia baada ya jiwe kuangukia kidole husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Piga picha kwa simu, piga tena baada ya mwezi, linganisha.

Daktari atafanya nini?

Atapiga ganzi na kutoa kipande cha nyama, chenye kina cha kutosha. Mara nyingine familia ndiyo inayobeba chupa hadi maabara, basi iangalieni: ndani iwe formoli, dawa inayozuia nyama isioze, si maji wala pombe, na jina la mama liandikwe juu yake. Kipande kilichooza hakisomeki, mtaanza upya. Maabara ikithibitisha melanoma, itapima imezama milimita ngapi. Daktari atapapasa pia kinena, kutafuta mtoki.

Atakatwa mguu?

Mara nyingi hapana. Huondolewa uvimbe pamoja na sentimita 1 au 2 za ngozi nzima kuuzunguka, kisha kisigino hufunikwa kwa ngozi ya paja. Ikiwa chini ya ukucha, kidole chaweza kwenda. Ikishasambaa, kemoterapi, yaani dawa za kuua chembe za kansere, husaidia kidogo; dawa zinazoamsha kinga ya mwili hufanya vizuri zaidi, ila bei yake ni mlima.

Kaka anataka kulichoma kwa chuma cha moto.

Amzuie mtu. Juu patafunga, chini itaendelea, na kina hakitapimika tena.