Mwandishi wa kitabibu ni nani, na kazi yake imebadilika vipi

Mwandishi wa kitabibu ni mtu ambaye kazi yake ni kuchukua matokeo ya utafiti wa tiba, zile data na majedwali ya hesabu, akayaandika yakasomeka na yule anayeyahitaji, awe ni mkaguzi wa dawa serikalini, mhariri wa jarida, daktari wa kliniki, na siku hizi mgonjwa mwenyewe. Wengi ni wafamasia, manesi ama watu waliosoma bayolojia halafu wakaona kalamu yawafaa kuliko maabara. Sio kazi mpya, chama chao cha Marekani kiko tangu 1940 na cha Ulaya tangu 1989.

Zamani ilikuwa kazi ya kujificha. Kampuni ya dawa yamlipa mtu aandike makala nzima, halafu anatafutwa profesa mwenye jina anawekwa juu, na yule aliyekesha akiandika hatajwi popote. Kesi iliyovuma sana ni ya Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya Merck iliyotolewa sokoni 2004 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shtuko la moyo na kiharusi, na 2008 nyaraka za kampuni zilizotoka kortini zilipochambuliwa kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, zikaonyesha mtindo ndio huo huo. Mimi jambo hili laniudhi mpaka leo, kwa sababu daktari akisoma makala kama ile anamwandikia mgonjwa dawa akiamini aliyemweleza hana maslahi. Siku hizi majarida makubwa yanataka mwandishi aliyesaidia atajwe kwa jina, na isemwe nani kamlipa.

Lakini badiliko kubwa zaidi ni la msomaji. Sheria ya Ulaya ya majaribio ya dawa iliyoanza kutumika Januari 2022 inadai jaribio likiisha utolewe pia muhtasari wa lugha nyepesi, mtu ambaye hajasomea tiba auelewe. Wengine wanadhani hiyo ndiyo kazi rahisi, kumbe ndiyo ngumu kabisa.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Majirani zetu wa Kilifi, huku Pwani ya Kenya, walikuwa kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya lile jaribio kubwa la mwisho, na watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote 4, visa vya malaria kwao vilipungua asilimia 36 kwa muda wa kama miaka 4. Makala ya kisayansi yaweza kuishia hapo. Sasa mpe mama wa Mtwapa hiyo 36 peke yake, atasema chanjo gani hii isiyofika hata nusu, ama ataelewa kwamba mtoto mmoja kati ya watatu hataugua tena maishani, na yote mawili si kweli. Maana yake ni kwamba kundi la watoto ambalo bila chanjo lingeugua malaria mara 100 kwa jumla, likichanjwa laugua kama mara 64, kwa hivyo mtoto wako bado aweza kuumwa, neti ibaki kitandani, na homa ikipanda mkimbize hospitali vile vile. Sentensi hizo zataka mtu anayejua hesabu na anayejua pia mama anauliza nini.

Na huku Pwani kuna hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao, iko tangu enzi za mababu. Fomu ya ridhaa, ile mtu anayotia sahihi kabla ya kuingia kwenye utafiti, ikisema tu tutachukua mililita 5 za damu, basi hujamwambia mtu kitu, sema ni kama kijiko kimoja cha chai, sema inapelekwa wapi, inapimwa nini, na ikibaki inafanywa nini. Usipoyaandika wewe, watu wa baraza watayajaza wenyewe, na jioni hiyo hiyo mtaa mzima ushajua damu inauzwa.

Halafu ikaja akili unde. Programu kama ChatGPT zatoa rasimu kwa dakika, lakini zaweza kubuni utafiti usiokuwepo na kuupa jina na mwaka, na ndiyo maana 2023 kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ikasema programu haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kubeba lawama. Basi kazi imehamia kwenye kuhakiki, kila namba uirudishe kwenye data yake uone kama yasimama. Kwa Kiswahili nami ningeongeza jambo moja, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya watu wa Likoni ama Kisauni kabla haijachapwa, wakikunja uso pahali pabadilishwe, na huyo aliyeiandika kwa Kiswahili atajwe jina lake kama wenziwe.